Maswali ya Wasomaji: Sheria za sparingi zisizomwonea mtu wa kung fu

Barua za mwezi huu zimeleta jambo moja kwa sura nyingi. Klabu za kung fu zinaalikana kupimana kwa sparingi (mapambano ya mazoezi), na kila zikimaliza kuna anayelalamika kwamba sheria zilimfunga mikono. Jopo letu la makocha na waamuzi limejibu baadhi. Barua tumezifupisha.

Klabu yetu ni ya Wing Chun, mtindo wa kung fu wa kupigana kwa karibu. Tulialikwa na klabu ya sanda (mchezo wa kupigana wa China), tukapigana kwa sheria zao, na vijana wetu wakashindwa karibu mapambano yote. Walimu wao wanasema sheria hizo ni za kimataifa kwa hiyo hazimpendelei mtu. Ni kweli? Na sisi tukiwaalika, tutumie sheria gani?
*Msomaji, Tanga*

Ni za kimataifa, na zina upendeleo pia. Kila sheria ya mchezo hupanga bei: tendo hili pointi mbili, lile moja, lile marufuku. Mtindo unaofundisha matendo ya bei kubwa utanufaika, na hapo hakuna aliyefanya hila.

Sanda ilianza kujaribiwa rasmi China mwaka 1979, huko Zhejiang na katika vyuo vya michezo vya Beijing na Wuhan. Mwaka 1991 ikaingia kwenye mashindano ya kwanza ya dunia ya wushu (sanaa za mapigano za China) mjini Beijing. Waliotunga walitaka ngumi, teke na mweleka vikae pamoja, na mwamuzi aone waziwazi nani kashinda. Kwa hiyo teke safi la kiwiliwili au la kichwa ni pointi 2, ngumi ni 1, na kumwangusha mwenzako wewe ukibaki wima ni 2. Wakikumbatiana bila kuangushana, refa huwatenganisha baada ya sekunde chache tu. Kiwiko, goti na kupinda viungo ni marufuku. Jukwaa ni mita 8 kwa 8.

Sasa mweke kijana wenu humo. Kazi yake inaanza mikono ikishagusana: anabana mkono, anaingia, anamimina ngumi. Ili afike hapo anapita kwenye umbali wa teke, na teke moja la mbavu linamgharimu pointi 2. Akifika, ngumi yake ni pointi 1, glovu nene zinamzuia kubana, na refa akiona mikono imeshikana anapiga kelele waachane. Wakati huohuo mpiga mateke ana mita kadhaa za kurudi nyuma. Kwa kila teke analokula akiingia anahitaji ngumi mbili safi ili tu wawe sawa.

Hata hivyo msijifariji kupita kiasi. Vijana wa sanda hupigana raundi za kweli kila wiki. Kama vijana wenu walionja konde zito kwa mara ya kwanza siku ya mwaliko, hakuna karatasi ya sheria ambayo ingewaokoa.

Kwa mwaliko wenu tunapendekeza hivi. Uwanja uwe mita 6 kwa 6, sakafuni juu ya mikeka ya mazoezi. Bandikeni utepe wa rangi nyingine mita 1 kabla ya mpaka, ili mpiganaji ajue anakaribia ukingo bila kugeuza kichwa. Msishuke hadi mita 4, maana hapo mtakuwa mmegeuza upendeleo uwe wenu, na wageni wataona. Raundi ziwe 3 za dakika 2, mapumziko dakika 1, na mshindi ni wa raundi mbili. Kuhesabu kwa raundi kunazuia mtu apate pointi nne za mapema kisha akimbie dakika zote zilizobaki.

Kushikana ndiko kunakozaa ugomvi mwingi, basi kuandikwe kwa vifungu viwili tofauti. Mkono mmoja ukibana mkono wa mwenzake huku mwingine unapiga, hiyo ni kazi inayoendelea, refa asiingie kabisa. Mikono yote ikiwa imefungwa na hakuna kinachotokea, refa ahesabu kimoyomoyo sekunde 5, kisha aseme "achaneni". Mmoja akijaribu kuangusha, hesabu inaanza upya, ila mara moja tu. Bila kikomo hicho wataegemeana hadi raundi iishe.

Pointi: ngumi au kiganja safi 1, teke la paja 1, teke la kiwiliwili au la kichwa 2. Kumpiga mtama au kumtupa ukabaki umesimama ni 2. Mkianguka wote, aliye juu apate 1. Kutoka nje ya mpaka kwa miguu yote miwili, mwenzako apate 1. Kisha ongezeni kifungu ambacho sanda haina: pigo safi lililotua huku mkono wa mwenzako umebanwa au umekwidwa lihesabiwe 2. Kifungu hicho kinampa haki yake mtu wa Wing Chun, wa Hung Gar na wa mtindo wa vunjajungu, na wala hakimnyang'anyi mtu wa sanda teke lake.

Andikeni pia maana ya "safi". Pigo limefika mahali pasipokingwa, lilikuwa na uzito wa mwili nyuma yake, na limeonekana: kichwa kimerudi, kiwiliwili kimekunjika, au hatua imevunjika. Ngumi za mfululizo zihesabiwe mwisho mbili kwa kila mvamio. Bila hilo mtu atapapasa ngumi kumi nyepesi kifuani, apate pointi 10, na aliyempa konde moja la kumtikisa abaki na 1.

Mtindo wetu umejaa vidole vya macho, kiganja cha koo na teke la kinena. Mkishaviondoa hivyo, kung fu imebaki wapi?
*Msomaji, Mombasa*

Imebaki njia ya kufikia hapo, ambayo ndiyo ngumu. Mkono usioweza kufika kwenye paji la uso la mtu anayekataa hautafika kwenye jicho lake.

Lakini swali lako lina ukweli ambao watunga sheria wengi hawautazami: kila marufuku huzaa tabia mbaya. Ukikataza teke la kinena, watu husimama wazi kama wanasubiri basi. Ukikataza kisogo, atatokea mjanja wa kugeuza mgongo kila anapobanwa, kwa kuwa anajua refa atasimamisha. Mwingine atainama chini kabisa ili kila pigo liangukie kisogoni, nawe upewe onyo.

Dawa ni kurudisha bei kwa njia salama. Anayegeuza mgongo kwa makusudi ampe mwenzake pointi 1, na akirudia apate onyo. Vivyo hivyo anayeshusha kichwa chini ya kiuno. Kwa kinena, wote wavae kinga ngumu, na teke jepesi la kugusa ndani ya paja, juu ya goti, lihesabiwe 1. Refa wa kati peke yake ndiye atoe pointi hiyo, kwa sababu majaji wa pembeni hawaoni pembe hiyo vizuri. Kwa macho, tumieni kofia ya kinga yenye wavu usoni, na kiganja kilichotua kwenye paji kihesabiwe sawa na ngumi. Wavu uwe wa kutoingiza vidole, na vidole vikae pamoja. Kidole kimoja kilichonyooka kikigonga chuma ndicho kinachovunjika. Koo liachwe kabisa, hata kwa kugusa. Badala yake kiganja kitue juu ya kifua, chini ya mifupa ya mtulinga.

Wapo wanaosema zamani hakukuwa na sheria na ndipo kung fu ilikuwa kung fu. Oktoba 1928 mjini Nanjing, taasisi kuu ya guoshu (jina la wakati huo la sanaa za mapigano za China) iliyoanzishwa mwaka huohuo iliendesha mtihani wake wa kwanza wa kitaifa. Watu walipambana bila kinga za maana, na majeruhi wakawa wengi. Waliosimamia mambo hayo walikuwa mabingwa wa mitindo ya asili, na hata wao waliandika sheria.

Tuvae glovu gani? Za ndondi zinatuzuia kushika, na ngumi tupu zinatuumiza.
*Msomaji, Arusha*

Zipo glovu za vidole wazi zenye sifongo nene, uzito wa aunsi 7 hivi, yaani takriban gramu 200. Hizo ndizo zinazofaa mapambano ya mitindo mchanganyiko. Zile nyembamba za aunsi 4 za mapigano ya kulipwa ziacheni. Zinalinda mfupa wa anayepiga kuliko uso wa anayepigwa. Kama mna za ndondi tu, tumieni za aunsi 14 au 16 na mpunguze nguvu, lakini basi kile kifungu cha pointi 2 kwa mkono uliobanwa mkiondoe, maana hautabanika.

Wote wawili wavae glovu za aina moja na uzito mmoja. Mmoja akiwa na za aunsi 7 na mwenzake 14, hakuna sheria nyingine itakayosawazisha. Kinga ya meno ni lazima. Kwa miguu tafuteni kinga za ugoko za sifongo zinazofunika hadi juu ya unyayo. Zile za wachezaji wa mpira zina plastiki ngumu ambayo hupasua ngozi ya mwenzako na huzunguka mguuni baada ya teke la tatu.

Kofia ya kinga inapunguza michubuko na mipasuko. Haizuii ubongo kutikisika, kwa hiyo isiwe kibali cha kuongeza nguvu.

Binti yangu ana miaka 13 na kilo 44. Klabu inataka kumpambanisha na mvulana wa kilo 52 kwa kuwa "wote wana mkanda mmoja". Niruhusu?
*Mama msomaji, Nairobi*

Mama, katalia kilo hizo. Mkanda katika kung fu hautolewi kwa kipimo kimoja. Klabu moja inautoa kwa kukariri miondoko iliyopangwa, nyingine kwa sparingi. Pangeni kwa vitu vitatu kwa mfuatano huu: uzito, idadi ya mapambano ambayo mtu ameshapigana, kisha umri. Kwa watu wazima walio chini ya kilo 70, tofauti isizidi kilo 5, ambayo ni karibu na ngazi za sanda (48, 52, 56, 60, 65, 70 na kuendelea). Kwa watoto tunashauri isizidi kilo 3. Mtu ambaye hajawahi kupigana asikutanishwe na mwenye mapambano zaidi ya matatu.

Uzito upimwe asubuhi ya siku yenyewe, watu wakiwa wamekula. Mkipima jana yake, kuna watakaojikausha maji, na mwili uliokauka ni hatari kuupiga kichwani.

Kuhusu kichwa: kwa umri wa binti yako pasiwe na pigo la kichwa hata moja. Kiwiliwili tu, kinga ya kifua, mateke ya kiunoni kwenda juu hadi kifuani, na mieleka ya kumshusha mwenzako ukimshika mkono hadi afike chini. Akigusa kichwa cha mwenzake kwa bahati mbaya, pambano lisimame na waangaliwe wote wawili.

Majaji wote hutoka klabu mwenyeji. Wageni tunajua matokeo kabla hatujavua viatu. Tufanyeje bila kuajiri waamuzi wa nje?
*Msomaji, Lubumbashi*

Refa mmoja wa kati, majaji watatu pembeni: mmoja wa mwenyeji, mmoja wa mgeni, na wa tatu wa klabu isiyo na mtu kwenye pambano hilo. Wakae pande tatu tofauti. Pointi isimame pale tu majaji wawili kati ya watatu wameiona. Jaji wa nyumbani akimpendelea mtu wake peke yake, kura yake haifanyi kitu. Na msipompata huyo wa tatu, bora muahirishe.

Vifaa vya umeme si lazima. Kila jaji apewe makopo mawili, jekundu na jeusi, na kete za bao. Refa akitoa ishara ya kusimama, kila jaji anadondosha kete za mvamio uliopita kwenye kopo la rangi husika, na karani anazisoma na kuandika. Wekeni kitambaa chini ya kopo. Kete ikilia kwenye bati jaji wa pili husikia, na utashangaa jinsi macho yake yanavyoanza kuona kile alichoona mwenzake. Makopo yafichwe nyuma ya kibao kwa sababu hiyohiyo.

Kazi ya refa ni usalama na maonyo, asihesabu pointi zaidi ya zile alizokabidhiwa peke yake. Refa anayehesabu pointi huacha kuangalia miguu iliyolegea na macho yaliyopotea. Maonyo: la kwanza la mdomo, la pili mpinzani anapata 2, la tatu mtu anatoka. Pigo la kukusudia kisogoni au kooni halina la kwanza, anatoka.

Mimi ni mtu wa Taiji (kung fu ya miondoko laini), umri umeshasogea. Nataka kupimana, ila sitaki kupigwa ngumi za uso.
*Msomaji, Zanzibar*

Mzee wetu, tui shou, yaani kusukumana kwa mikono, ipo kwa ajili hiyo. Anzeni na ile ya miguu kutulia: mguu mmoja mbele, mikono imegusana. Anayeinua au kusogeza mguu wowote anampa mwenzake pointi 1. Anayegusa chini kwa mkono, goti au mwili anampa 2. Raundi ya dakika 2, na katikati mbadilishane mguu wa mbele, la sivyo anayetumia mkono wa kulia atafaidi muda wote. Kukwida nguo, kuvuta shingo na kusukuma uso ni marufuku.

Linaloharibika mara nyingi ni kwamba watu wawili wanakakamaa, wanasukumana kama mafahali, na mwenye kilo nyingi anashinda. Ili kulipunguza, refa awatenganishe wakikakamaa zaidi ya sekunde 3, na aliyemtoa mwenzake huku yeye hajapinda mgongo apate nyongeza ya 1.

Kijana wetu alipigwa teke la kichwa, akadondoka, akaamka na kusema yuko sawa. Tukamruhusu amalize. Je, ilikuwa sahihi?
*Msomaji, Dodoma*

Hapana. Aliyepoteza fahamu hata kwa sekunde moja, aliyeyumba, aliyesahau raundi ni ya ngapi, aliyetapika au anayeuliza swali lilelile mara mbili, siku yake imeisha. Neno la mpiganaji mwenyewe lisiwe ushahidi. Karibu wote husema wako sawa. Mtu mmoja akae naye saa zinazofuata. Kichwa kikizidi kuuma, akianza kutapika tena, akisinzia isivyo kawaida, mboni za macho zikitofautiana au mkono ukikosa nguvu, ni hospitali mara moja.

Ndondi za ridhaa zimekuwa zikimsimamisha aliyeangushwa kwa pigo la kichwa kwa siku 30 angalau, na siku 90 ikitokea mara mbili ndani ya miezi mitatu. Tumieni hizo. Na katika siku hizo hakuna sparingi hata "nyepesi", na kurudi kwake daktari akubali kwanza.

Klabu mbili zimekubaliana kupambana, lakini kila upande una sheria zake na mitandaoni maneno yameanza. Nani aamue?
*Msomaji, Muscat*

Hili lina historia. Januari 1954 huko Macau, bingwa wa Taiji Wu Gongyi, mwenye miaka hamsini na kitu, alipanda jukwaani na Chan Hak Fu wa mtindo wa Korongo Mweupe, wa miaka thelathini na kitu, katika hafla ya kuchangia waliounguliwa na moto wa Shek Kip Mei, Hong Kong. Pambano lilisimamishwa katika raundi ya pili, na waamuzi wakatangaza kwamba hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa, wala si sare. Mashabiki wa pande zote mbili wanabishana hadi leo.

Makubaliano yenu yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, usizidi. Vitu ambavyo watu husahau ni hivi: pambano likisimama kwa jeraha la bahati mbaya mshindi ni nani (tunashauri pointi za raundi zilizokamilika, na kama haijakamilika hata moja, hakuna matokeo), nani anaweza kusimamisha (refa, mhudumu wa afya, na kocha kwa kutupa taulo), kama sare inakubalika, na kama video itarushwa, basi irushwe nzima bila kukatwa.

Halafu zijaribuni sheria kabla ya siku. Wiki mbili kabla, kila klabu itoe watu wanne, wapigane nusu nguvu kwa sheria zilizoandikwa, na karani aandike kila pointi imetokana na nini: teke, ngumi, mweleka, kubana, kutoka nje. Zaidi ya nusu zikitokana na kitu kimoja, bei ya kitu hicho ni kubwa mno. Punguzeni pointi moja au ongezeni kwa kinachopuuzwa, kisha jaribuni tena. Zikitokana na kutoka nje, uwanja wenu ni mdogo. Kama kifungu kimoja kimewafanya majaji wabishane mara tatu, maneno yake hayaeleweki, kiandikwe upya au kifutwe.

Baada ya jaribio la pili fungeni karatasi, makocha wote watie sahihi, na siku ya pambano refa aisome kwa sauti mbele ya wapiganaji wote kabla ya kuvaa glovu. Swali linaloulizwa hapo lijibiwe mbele ya wote. Kocha asijibiwe pembeni.